Kinyongo cha Kazini na Kinyongo cha Nyumbani

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumtaja mtu asiyeridhika, na maneno hayo hayafanani. Mwenye kulalamika hulalamika mbele ya watu, na sauti yake husikika. Mwenye kunung'unika husema kwa sauti ya kujisemea, akitumaini kuwa aliye karibu naye atasikia na aliye juu yake hatasikia. Lakini mwenye kinyongo hasemi kitu. Hufika kazini kwa saa yake, hupokea mshahara wake, huitika "Ndiyo, mzee" anapoitwa, na moyoni mwake pana fundo ambalo hata mkewe halijui, ingawa mara nyingi mkewe ndiye anayelipizwa.

Twapenda kulizungumza fundo hilo, kwa kuwa wako ndugu zetu wengi katika Chama wanaodhani kwamba wananchi wasioridhika hawaridhiki kwa ajili ya bei ya unga na kima cha mshahara tu, na kwamba mambo hayo mawili yakitengenezwa nyoyo zitatulia. Hatusemi kwamba bei ya unga ni jambo dogo. Mtu mwenye njaa hahubiriwi. Twasema kwamba historia ya nchi hii, mtu akiisoma bila haraka, yaonyesha jinsi watu wetu walivyoustahimili umaskini kwa saburi kubwa ajabu, na kwamba kitu walichoshindwa kukistahimili, mara kwa mara, kilikuwa dharau.

Tuanze na mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za Mwingereza. Watu walitolewa mbali, wengine Songea, wengine Kigoma, wengine ng'ambo ya mipaka yetu, wakatiwa katika mikataba na kusafirishwa kwenda kukata mkonge. Wakaitwa manamba. Jina hilo lilitokana na namba ambayo kila mmoja wao alipewa, na kwa namba hiyo akaandikwa. Mkononi alitiwa kipande chenye nafasi za siku thelathini, na siku haikutiwa alama mpaka awe amemaliza kazi aliyopimiwa. Wazee tuliowasikia wakisimulia maisha hayo hawakuanza na mshahara, ingawa mshahara wenyewe ulikuwa wa aibu. Walianza na ile namba. Mtu aliyepewa jina la babu yake, mwenye mke na watoto na kiti chake barazani kwao, anaitwa kwa tarakimu na nyapara aliye umri wa mwanawe!

Huko milimani Uluguru habari ilikuwa nyingine kwa sura, ila moja kwa asili. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mwaka 1955 walikataa, na fujo zikazuka Matombo. Wataalamu wa serikali ya kikoloni walikuwa na hoja yao juu ya udongo, nasi hatutaki kubishana nao leo juu ya elimu ya udongo. Lakini mtu aliyelima mlima ule tangu ujana wake, na baba yake kabla yake, hakuulizwa neno hata moja. Aliamriwa tu, na asipotii akashitakiwa.

Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikua kwa kuyaokota manung'uniko ya namna hiyo na kuyapa sauti. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alifikishwa mahakamani kwa maandishi yaliyotoka katika Sauti ya TANU, yenye kuwalaumu mabwana shauri wawili kwa matendo yao, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Fedha hiyo ilikuwa nyingi sana siku zile. Twaikumbusha habari hii kwa sababu wako vijana wetu wanaodhani kuwa kazi ya gazeti la chama ni kuwaambia watu kwamba mambo ni mazuri. Gazeti la chama lilianza kwa kusema kwamba mambo si mazuri, na aliyelihariri akapelekwa kizimbani.

Baada ya Uhuru ndipo jambo lilipokuwa gumu zaidi kulieleza, maana aliyekalia kiti sasa alikuwa ndugu yetu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku tano baadaye, kwa fedheha ambayo Mwalimu hakuificha, askari wa Uingereza walioitwa na Serikali yetu wenyewe walikuja kuwanyang'anya silaha. Kumshikia mwananchi mwenzako bunduki si njia ya kudai haki, nasi hatuwatetei. Lakini itazame dawa iliyotumika baadaye. Viongozi kadhaa wa wafanyakazi walitiwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, na mwaka ule ule kikaundwa chama kimoja tu, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Tayari sheria ya mwaka 1962 ilikuwa imeufanya mgomo wa halali kuwa kitu kisichowezekana, au kwa shida kubwa. Hivyo mfanyakazi mwenye neno akawa na mlango mmoja wa kubisha, na bawabu wa mlango huo hakuchaguliwa na yeye. Nchi ilitulia. Ila utulivu wa mtu aliyeridhika na utulivu wa mtu aliyenyamaza, kwa anayetazama toka ofisini, hufanana sana.

Si kila asiyeridhika ana haki, na hapa twataka tueleweke. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, wengine wamevaa majoho yao, wakipinga sheria ya kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili na kupokea kwa muda mrefu wa miaka hiyo asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Sisi tuliofundishwa na mapadri tulilielewa bango hilo mara moja, kwa kuwa tulikwisha kuwasoma wana wa Israeli jangwani, jinsi walivyoyakumbuka matango na samaki wa Misri na kuisahau mijeledi ya Misri. Nung'uniko la namna hiyo lipo katika kila taifa lililotoka utumwani. Ni nung'uniko la mtu aliyeahidiwa kiti cha bwana, akaona bwana ameondoka na kiti kimechelewa kumfikia.

Mwalimu aliwarudisha makwao takriban wanafunzi 400. Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo linalotufanya tulikumbuke tukio hilo kwa heshima. Aliona kwamba vijana wale hawakuibuni tamaa yao wenyewe. Waliisoma kwa wakubwa waliokuwa wamewatangulia. Mshahara wake mwenyewe ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, hali kima cha chini cha kibarua wa Dar es Salaam, tangu mwaka 1963, kilikuwa shilingi 150. Akakata mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikapunguzwa pia. Haikupita miezi minne, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, na viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kupangisha nyumba. Makabwela wakatembea kwa miguu maili na maili kuliunga mkono. Mishahara yao wenyewe haikuongezeka hata senti moja kwa ajili ya kutembea huko. Walitembea kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona mkubwa akishushwa karibu na usawa wao.

Sasa tufike mwaka 1971, ambao kwetu sisi ndio mwaka wenye mafundisho makubwa kupita yote katika habari hii.

Mwezi Januari mwaka ule Idi Amin alinyakua utawala Uganda. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo. Sehemu kubwa ya waraka ule ilizungumzia ulinzi wa nchi na mapinduzi ya Afrika, lakini wafanyakazi wa viwandani walipousoma hawakusimama hapo. Walikwenda moja kwa moja hadi ibara ya 15, iliyokataza kiongozi kuwa na majivuno, makuu, dharau na uonevu juu ya wale anaowaongoza. Waliikariri kama mtoto anavyokariri katekisimu. Yasemekana walikuwapo wafanyakazi waliokwenda na kijitabu hicho mfukoni, wakakitoa mbele ya meneja anapoinua sauti.

Migomo iliyofuata, kati ya 1971 na 1973, iliwashangaza wengi. Wengi walitazamia madai ya mishahara. Madai ya mishahara yalikuwapo, lakini katika kiwanda baada ya kiwanda shitaka la kwanza lilikuwa jingine: meneja hutukana, ofisa utumishi hawasikilizi watu, mkubwa fulani hufukuza kazi kwa kuudhika, gari la kampuni humpeleka bibi sokoni, na mfanyakazi aliyekatwa na mashine akingojea hospitali hana usafiri. Baadhi ya mashitaka hayo yaliwahusu mabwanyenye wenye mali. Mengine, na hapo ndipo kidonda kilipokuwa, yaliwahusu wakurugenzi wa mashirika ya umma, ndugu zetu wenye kadi za Chama kama sisi. Wafanyakazi mara nyingi hawakuvunja kitu. Walisimama langoni, wakamzuia mkubwa huyo asiingie, wakasema kwamba wao wako tayari kufanya kazi, ila yeye hawamtaki.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi, wakamweka nje mwenye kiwanda na kuendesha kazi wenyewe. Wengine walipotaka kuufuata mfano huo, Serikali iliukomesha. Hoja ilikuwa kwamba nidhamu ya kazi inavunjika na uzalishaji unashuka. Hoja hiyo haikuwa ya bure; kiwanda kisichozalisha hakimlishi mtu. Lakini ukweli usemwe. Chama kiliandika maneno mazito juu ya dharau, watu wakayaamini, na walipoyatumia, waliokwenda kulalamika kwamba Mwongozo umeeleweka vibaya walikuwa wakubwa. Haukueleweka vibaya. Ulieleweka kupita walivyotazamia.

Tungeweza kuishia hapo, na makala nyingi zilizoandikwa juu ya miaka ile zimeishia hapo, langoni pa kiwanda. Sisi twapenda kumfuata yule mfanyakazi mpaka kwake.

Anakaa Magomeni, au Temeke, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, na chumba chake ni kimoja. Humo wamo mkewe, watoto, na pengine mdogo wake aliyekuja mjini kutafuta kazi. Mchana ule amesimama langoni, akasema kwa sauti kubwa kwamba mtu mzima hatukanwi. Jioni amefika, chakula kimechelewa kwa sababu mkaa umekwisha na fedha ya mkaa hakuiacha. Je, alisema nini? Wapangaji wa nyumba zile, ambao kuta zao hazifiki darini, wanajua alivyosema. Hakuna aliyetoa kijitabu mfukoni.

Nasi twaona ajabu kwamba mambo haya mawili yalikutana katika mwaka mmoja, na ni wachache waliotambua. Mwongozo ulitoka Februari 1971. Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971, sikukuu ya wafanyakazi. Mapendekezo yake yalipotangazwa na Serikali mwaka 1969 yalizusha mabishano makubwa nchini, na wanaume wengi, miongoni mwao watu waliokuwa mstari wa mbele kupinga unyonge wa Mwafrika, walichukizwa hasa na wazo kwamba mke wa kwanza aulizwe kabla mume hajaoa mwingine. Aulizwe! Neno lile lile ambalo mkulima wa Uluguru alinyimwa mwaka 1955. Sheria ilipopita ilitamka wazi kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe, na kwamba mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe. Haikuwa sheria kamili. Iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi, na ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kusema kwamba jambo hilo haliafikiani na Katiba, na hadi mwaka 2019 kwa Mahakama ya Rufani kuuthibitisha uamuzi huo. Lakini katika mambo yake makuu sheria hiyo ilikuwa ibara ya 15 ya nyumbani.

Tofauti ni jinsi zilivyosomwa. Mwongozo ulisomwa redioni, matawini na viwandani. Sheria ya Ndoa ilisomwa na mahakimu.

Mwanamke mmoja aliyeipeleka mbali ni Bi Hawa Mohamed. Shauri lake na aliyekuwa mumewe, Ally Sefu, lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Swali lilikuwa hili: mke ambaye hakuwa na mshahara, aliyepika, akafua, akatunza nyumba, alichangia nini katika nyumba iliyojengwa kwa fedha za mume? Mahakama ilitamka kwamba kazi hizo ni mchango wa kuchuma mali, na zihesabiwe. Rufani yake mwenyewe haikufaulu, kwa sababu nyingine za shauri lile, lakini wanawake wengi waliokuja nyuma yake wameupitia mlango alioufungua. Twawaomba wafanyakazi walitafakari swali lile kwa lugha ya kiwanda. Mkulima akimwambia karani kwamba hafanyi kazi, karani huudhika. Mwenye kiwanda akimwambia kibarua kwamba utajiri wote umetoka mfukoni mwake, na kwamba kibarua hakuongeza kitu, sisi sote twajua jina la maneno hayo, na Chama chetu kilijengwa kwa kuyapinga. Nyumbani maneno yale yale husemwa na kibarua mwenyewe, jioni, bila haya.

Mwenye kinyongo hutafuta aliye chini yake. Meneja aliyetukanwa na mkubwa wake wizarani humtukana msimamizi, msimamizi humshukia kibarua, kibarua huupeleka mzigo nyumbani, na mama akampiga mtoto kwa kosa la kumwaga maji. Mtoto yeye hana wa kumpa. Hatusemi kwamba kila kofi linalopigwa katika nchi hii limeanzia wizarani, hiyo itakuwa hesabu ya mzaha. Lakini hatukubali tena kuambiwa kwamba mambo ya nyumbani ni ya faragha na hayakihusu Chama, wakati twaona kwa macho yetu mzigo mmoja ukibebwa toka lango la kiwanda hadi mlango wa chumba.

Mambo yamebadilika tangu siku zile. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti ya uongozi ya Arusha yalilegezwa, na mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Viwanda vingi vya umma viliuzwa au vikafungwa. Kibarua wa leo mara nyingi hana hata lango la kusimama. Ana mkataba wa miezi mitatu, au pikipiki ya mtu, au meza ya kuuzia matunda. Tena ana simu, na ndani ya simu mna mkopeshaji. Watu wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu, na hatudhani kamati yoyote ya lugha ingepata jina bora. Twaitaja hapa kwa sababu moja. Deni la zamani la dukani lilijulikana na mke, kwa kuwa mke ndiye aliyetumwa kukopa sukari. Deni la simu hukopwa kimya, hudaiwa kimya, na wakati mwingine mkopeshaji huwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Mke na mume hulala kitanda kimoja, kila mmoja na deni lake ambalo mwenzake halijui. Ukitafuta kinyongo kilichotengenezwa kwa ustadi, ndicho hicho.

Twageukia matawi yetu. Sheria ya Ndoa iliweka mabaraza ya usuluhishi, ambayo mume na mke sharti wayapitie kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka, isipokuwa katika hali chache. Tumewahi kuketi na kusikiliza katika mabaraza hayo. Wazee wanaoketi huuliza kwanza juu ya posho: je, huachiwa fedha ya chakula? Akijibu kwamba huachiwa, wazee hutazamana kana kwamba shauri limekwisha. Mara nyingi ndipo mama yule huanza kusema. Husema, "Nyumbani siulizwi kitu." Mzee mwenye kalamu haandiki maneno hayo, kwa kuwa hajui ayaweke katika safu ipi.

Na katika mikutano ya tawi hali si tofauti sana. Ajenda huanza na kufungua mkutano, kisha kusoma kumbukumbu, kisha yatokanayo, kisha taarifa ya katibu, kisha michango, na mwisho kabisa, jua likiwa limezama na watu wamekwisha kuinuka kukung'uta nguo zao, mengineyo. Manung'uniko yote ya wanachama yamewekwa katika mengineyo. Mkutano wenyewe huitwa saa kumi jioni, saa ambayo wanawake wanakoka moto. Twashauri makatibu wa matawi wajaribu kwa miezi mitatu tu: mkutano uitwe Jumapili saa nne asubuhi, mengineyo yawe jambo la kwanza baada ya kufungua, na katibu ayaandike kama yalivyosemwa, kwa maneno ya msemaji, hata yale yanayomhusu katibu mwenyewe. Taarifa ya katibu yaweza kungoja.